Msomaji wa Pili

Kwenye kona ambapo barabara ya Ndanai inaachana na ya Kaplong, mbele ya kibanda cha chai cha Mama Nelvine, kuna benchi ambalo halijui kunyamaza. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya magogo, umelainishwa na makalio ya watu wenye maoni. Nyuma ya kibanda ni mashamba ya chai, kijani mpaka macho yachoke. Mbele, ng'ambo ya lami, kuna ngazi za saruji zinazopanda kwenda mahali pasipo na nyumba. Palikuwa na duka hapo mpaka mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa vita vya makabila. Mwenye duka aliondoka na watu wake wote, na duka likateketea nyuma yao. Watu wa benchi hawalitaji jina lake. Wanasema "pale" tu, na kidevu kinaelekeza. Mwaka tunaousimulia, wa tisini na tano, ukungu ulikuwa na desturi ya kushuka pale kwanza, kabla ya saa tisa, ukazijaza zile ngazi, kisha ndipo uvuke barabara taratibu kuja kwa wanywaji. Na wanywaji wanakunywa chai. Anayeagiza kahawa katika nchi hii huulizwa anaumwa wapi.

Mwaka huo maneno yote yalitoka kwenye sanduku. Mwalimu Janeffer, aliyestaafu shule lakini akakataa kustaafu kufundisha, alipata sanduku kuukuu la kusafirishia chai, yale ya mbao nyembamba yenye karatasi ya fedha ndani ili unyevu usiingie. Akaliweka kwenye pembe ya kibanda na kuwaomba majirani walijaze vitabu. Lete kimoja, chukua kimoja. Hakuna kuandika jina lako popote, maana mtu akiandikwa anaogopa kusoma anachokitaka. Na kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na wasomaji wengi, kitabu kililala kwako usiku mmoja na asubuhi kikarudi, kila msomaji ameacha alama yake ndani kuonyesha alipofika: uzi, ganda la muhindi, unyoya wa kuku. Ukifungua kitabu kilichopendwa unakikuta kimejaa takataka kama kiota.

Sharti moja tu ndilo lililoleta kelele. Mwalimu alitaka kila lugha iliyowahi kukaa eneo lile iwe na kitabu sandukuni, na kila mtoto ajikute humo. Kukawa na cha Kipsigis, cha Kigusii, na cha Kijaluo kuhusu kufuga nyuki. Kukawa na cha picha cha msichana asiyeona anayejifunza kusuka vikapu, ambacho mama mmoja wa Ndanai mwenye binti wa namna hiyo alikiazima na kukirudia mpaka kikachakaa. Halafu Mwalimu akaleta kimoja cha Kikuyu. Alikiokoa sokoni kwenye rundo la karatasi za kufungia sukari. Jalada lilikuwa limeshakwenda, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshafunga sukari ya watu, kwa hiyo hadithi yenyewe ilianzia katikati. Wakikuyu wa eneo lile, mwenye duka la pale akiwa mmoja wao, walikuwa wameondoka wote. Kila mtu alijua kwamba kitabu hicho kitakaa chini kabisa ya sanduku mpaka mchwa wakimalize.

Lakini kilikuwa kinasomwa.

— Mimi naambia nyinyi, hii jani imetembea, alisema Redio.

Redio ni Weldon, mnunuzi wa ngozi za ng'ombe aliyekuja kutoka upande wa Mulot. Habari zote za barabara ile hupitia kwake, na zikitoka huwa na sauti kubwa zaidi kuliko zilivyoingia. Alikuwa amekishika kile kitabu kwa vidole viwili, akionyesha jani kavu la chai lililochomekwa ndani.

— Juzi ilikuwa hapa mwanzo. Leo ona. Imekuja mpaka katikati.

— Ni upepo, alisema Daktari.

Huyu ni Mogaka, fundi viatu mwenye kiti chake mwisho wa benchi. Wanamwita Daktari kwa sababu kila kiatu kinachofika kwake lazima kilazwe.

— Upepo gani unaingia kwa sanduku iko na kifuniko?

— Basi ni panya.

— Panya anasoma Kikuyu?

— Hao wanaishi kwa maduka, bwana. Wamesikia lugha nyingi kuliko wewe.

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mzee Kipkemoi hakucheka kabisa. Yeye ni mzee wa kanisa, na benchi limempandisha cheo likamwita Askofu. Aliweka kikombe chini.

— Hii si maneno ya kuchekea. Si mmesikia serikali imeweka watu wa kuchunguza hawa wanaabudu shetani? Wako kila mahali. Wako hata mashuleni. Sasa kitabu haina mwanzo, haina jina, haina mwenyewe, na inasomwa. Na nani? Hapa kwetu nani anajua hiyo lugha? Hakuna, kapisa.

— Mwenyewe anaweza kuwa amerudi, alisema Daktari polepole.

— Mwenyewe gani?

Kidevu cha Daktari kiligeuka kidogo kuelekea ng'ambo ya barabara, na wote wakatazama ngazi. Ukungu ulikuwa umeshazifikia.

— Mimi nafunguanga mapema, aliendelea Daktari. Mvua ikinyesha, asubuhi naona alama ya kiatu kwa matope. Inatoka pale, inakuja mpaka kwa hii sanduku. Mguu ya kulia peke yake.

— Na ya kushoto?

— Mimi ni fundi ya viatu, si ya miguu. Nasema tu nimeona soli moja.

Mama Nelvine alikuwa akichuja chai, akamimina kando ya kichujio hadi majani yakaangukia kikombeni. Lile jani kavu lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyekuwa akikisoma kitabu, na ni vizuri msomaji ajue tangu sasa, maana benchi zima halikujua.

Benchi lilimjua kama Chepkirui, mke wa Kipkurui anayefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Walimjua kwa Kipsigis chake kisicho na kasoro na chai isiyo na maji mengi. Hawakujua kwamba alizaliwa Wangeci, Mkikuyu, na kwamba jina la Chepkirui alipewa na mama mkwe wake, asubuhi moja ya mwaka wa vita, moshi ukionekana juu ya kilima. Yule mama alimfunga leso kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia: kuanzia leo ukiitwa jina lingine lolote usigeuke. Na Wangeci hakugeuka tena. Mumewe akamhamishia huku ambako hakuna aliyemjua. Akajifunza kuchunga ulimi wake, hasa ile r ya kwao ambayo hujipenyeza mahali pa l mtu akichoka. Hata Nelvine, binti yake aliyekuwa bado mgongoni siku ile, hakuwahi kuambiwa. Mama yake mzazi alikuwa amekimbilia kwenye uwanja wa kanisa na wengine, na Kipkurui alipokwenda kumtafuta akaambiwa malori yalikuja yakawabeba, hakuna ajuaye waliteremshwa wapi. Tangu siku hiyo hakuna habari. Kwa hiyo mtu asimwone mpumbavu kwa kukiiba usiku kitabu ambacho mtu yeyote angekiazima mchana. Miaka yote hiyo hakuwa amesikia neno moja la mama yake, na sasa maneno hayo yalikuwa pembeni mwa jiko lake, chini ya kile cha nyuki.

Alikuwa akikibeba jioni ndani ya kikapu cha vikombe na kukisoma alfajiri, huku akingoja maziwa yachemke. Hadithi ilikuwa ya mwanamke ambaye moto wa jikoni kwao ulizimika katika mvua. Akatumwa kuomba moto kwa majirani. Nyumba ya kwanza walimpa kaa la moto juu ya kigae, wakataka shuka yake. Kaa likazima njiani. Nyumba ya pili wakampa tena, wakataka kivuli chake. Likazima. Nyumba ya tatu walitaka jina lake. Chepkirui alifika hapo, mwanamke amesimama mlangoni akiwaza atoe au asitoe, ndipo maziwa yakapanda. Akachomeka jani, akafunga.

Alfajiri iliyofuata alifungua kwenye jani lake, akageuza karatasi, na karatasi nyingine, akakuta alama ya pili.

Ilikuwa kipande chembamba cha karatasi ya fedha kilichokunjwa vizuri, mbele ya jani lake kurasa chache tu. Maziwa yalifurika na kuzima moto, naye hakuinuka.

Kulikuwa na mtu mwingine. Si mzimu, si panya, maana yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mzimu wa benchi ni muuza chai. Mtu mwingine, hapa hapa, alikuwa akichukua kitabu kile mchana na kukirudisha kabla hajafunga kibanda. Na mtu huyo aliliona jani lake. Alijua kuna msomaji mwenzake, na alikuwa ametangulia.

Alijaribu kumpima. Siku hiyo akasoma haraka haraka, akaruka mbele ya ile karatasi, akaliweka jani lake huko. Kesho yake karatasi ya fedha ilikuwa imelipita tena, kurasa chache tu, si zaidi, kama mtu anayetangulia njiani akigeuka kuona kama unafuata. Chepkirui akarudi nyuma kusoma alichokiruka. Huyu ni nani? Kama ni mwenzake, mbona asijitokeze? Na kama ni mtu anayemtega, je, ameshajua? Alianza kuwatazama wateja wake mikononi badala ya usoni. Alitafuta vidole vinavyojua kukunja karatasi ya fedha, na kila mtu alikuwa na vidole. Jioni akiosha vikombe, ukungu ukivuka barabara, alijikuta akihesabu vivuli vilivyokuwa ndani yake. Mara moja alisimama kabisa kuhakikisha kwamba mtu aliyekaa kwenye ngazi za pale ni mbuzi. Alikuwa mbuzi.

Siku benchi lilipoiona karatasi ya fedha, chai ilipoa kwenye vikombe bila kunywewa. Aliyeigundua ni Askofu, aliyekuwa akitafuta kitabu cha nyimbo akashika hiki.

— Njooni muone. Sasa ziko mbili.

— Mbili nini?

— Alama. Na hii ya pili si ya mtu. Angalia huku ndani ya sanduku. Karatasi imepanduliwa hapa, kona hii. Ni sanduku yenyewe imeweka.

Daktari alisogea mwisho kabisa wa benchi, ambako alikuwa tayari.

— Mimi nilisema kuhusu kiatu, mkacheka. Mguu moja ni ya jani. Sasa mguu ya pili imefika.

— Hawa watu wa shetani wanasomanga nyuma-mbele, alisema Askofu. Ndio maana kitabu haina mwanzo, wamekata ili wasipate shida. Moja anatoka huku, mwingine anatoka huku. Siku alama hizi mbili zikikutana, mtu wa hapa anaenda.

— Anaenda wapi?

— Anaenda tu.

— Lakini hizi haziendi kukutana, alisema Redio. Zinaenda upande moja. Hii inafuata hii.

— Wewe umejua aje?

— Si naziangaliaga kila siku, alisema Redio, sauti juu. Na mimi nawaambia kitu mbaya zaidi. Hakuna mtu anasoma hii kitabu. Hii kitabu ndiyo inasoma sisi. Hii jani ni mahali imefika na mtu moja, hii ya fedha ni mahali imefika na mwingine. Ikimaliza wewe, inaanza jirani. Wale wa pale walisomwa, wakaisha. Mliona hata moja akirudi?

Mvua ndogo ilikuwa imeanza juu ya mabati, na kila mtu akawa anajiuliza yeye yuko ukurasa gani. Mama Nelvine alimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

— Ichomwe, alisema Askofu.

— Ichomwe, ndiyo, alisema Redio kwa nguvu kuliko yeye. Tena ingechomwa jana. Lakini si lazima Mwalimu awe hapa? Sanduku ni yake.

— Mwalimu ameenda Kericho kwa dada yake. Ataridhika tu. Tunachoma kesho.

— Kesho ni siku ya soko. Watu watasema nini, wazee wanachoma vitabu siku ya soko?

— Basi Ijumaa.

— Ijumaa iko sawa, alisema Redio. Ila itafutwe mafuta ya taa safi, si hiyo ya kuchanganya.

Daktari alikuwa akitoboa soli bila kuitazama.

— Na kama ni mtu? aliuliza.

— Mtu gani?

— Mtu tu. Wa kawaida. Anasoma.

Askofu alifikiri, na alipojibu hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtia Mama Nelvine hofu zaidi.

— Kama ni mtu, atatuambia amejulia wapi hiyo lugha, na amekaa na sisi miaka ngapi bila kusema.

Kidevu chake kikaelekea pale. Daktari, ambaye watu wake ni Wakisii wa ng'ambo ya mpaka wa Sotik na ambaye naye mwaka wa vita alilala mashambani akijificha, alikiinamia kiatu chake. Kuanzia siku hiyo Askofu akaliwekea sanduku kufuli. Jani la Mama Nelvine likabaki lilipokuwa, mwanamke wa hadithi akiwa ametoa jina lake na kupewa moto, akirudi nyumbani kwao na kaa linalowaka. Hakujua kama alifika.

Ijumaa ilinyesha mvua ya mawe. Ilianza ghafla, ikapiga mabati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa mikono, na mashamba ya chai nyuma ya kibanda yakageuka meupe. Benchi zima lilihamia ndani. Pamoja nao aliingia mwanamke mmoja ambaye hawakumjua, kichwa kimefunikwa gunia, na mkungu wa ndizi mikononi. Alisema anaitwa Mellen, ametoka upande wa Kisii, anapeleka ndizi Ndanai na gari limemwacha. Mama Nelvine akampa kiti karibu na jiko.

Askofu alikuwa amekuja na ufunguo na chupa ya mafuta ya taa. Akafungua kufuli, akakitoa kitabu, akachungulia nje. Barafu ilikuwa imelala barabarani.

— Huko nje haitashika, alisema. Moto iko hapa. Mama Nelvine, wewe ndiye uko karibu. Weka.

Akamkabidhi.

Alikishika kwa mikono yote miwili. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, sufuria ya chai iko juu yake. Alichotakiwa kufanya ni kuisogeza sufuria kidogo. Angekitia kitabu humo, benchi lingepumua, na hakuna ambaye angemuuliza kitu mpaka kufa kwake. Nelvine angeendelea kuwa binti wa Chepkirui. Aliisogeza sufuria.

— Pole, alisema yule mgeni. Hiyo kitabu imewakosea nini?

Wakamwambia. Walimwambia wote kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake: soli ya mguu mmoja, watu wanaosoma nyuma-mbele, sanduku linaloweka alama lenyewe, kitabu kinachosoma watu na kuwamaliza. Mellen alisikiliza yote na gunia lake kichwani, akitikisa kichwa kwa adabu. Walipomaliza alikunywa chai kidogo.

— Na inasema nini?

Askofu aliweka chupa ya mafuta chini.

— Inasema nini aje? aliuliza Askofu.

— Hiyo kitabu. Ndani. Imeandika nini?

Mvua ya mawe ilikuwa inapungua. Kila jiwe sasa lilisikika peke yake kwenye mabati. Daktari aliitazama sindano yake. Hata Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu afike kutoka Mulot, alikuwa ameinamia kikombe.

— Mnataka kuchoma na hakuna mtu anajua imesema nini? Hakuna mtu hapa anajua kusoma hiyo?

Hakuulizwa Mama Nelvine peke yake. Mgeni aliwauliza wote, kwa upole, kama mtu anavyouliza njia. Lakini kitabu kilikuwa mikononi mwa Mama Nelvine na moto ulikuwa unamchoma vidole. Alifikiri juu ya mama mkwe wake na ile leso. Alifikiri kwamba kuna mtu, pengine humu humu ndani, anajua tayari, na atajua zaidi akimwona anakichoma. Kisha akafikiri juu ya yule mwanamke wa hadithi aliyeachwa njiani na kaa mkononi tangu kufuli lifungwe, na aliona uchungu mkubwa, uchungu wa kijinga kabisa, kwamba atateketea bila kufika kwao. Aliogopa, na bado hakuweza.

Akarudisha sufuria mahali pake. Akafungua kwenye jani.

Alisoma sentensi ya kwanza kama ilivyoandikwa, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kuuza chai. R zote zilirudi. Askofu alisimama, kisha akakaa tena, na chupa ya mafuta ikabaki imesimama kati ya miguu yake. Daktari aliacha kupumua kwa mdomo. Hakuna aliyeuliza amejulia wapi. Walikuwa wamejibiwa tayari, wote kwa mara moja, na hakuna aliyejua afanye nini na jibu lile.

— Ni hadithi, alisema kwa Kiswahili, bila kuinua macho. Ni mama mmoja. Moto ilizima kwao, akaenda kuomba kwa majirani. Wamemnyang'anya shuka, na kivuli, na jina. Sasa anarudi nyumbani na moto.

— Endelea, alisema Mellen.

Akaendelea. Alisoma sentensi moja kwa lugha yake na kuigeuza kwa yao, moja baada ya moja, kidole kikifuata mstari. Mwanamke alivuka mto na kaa halikuzima. Alipanda kilima na halikuzima. Aliona paa la kwao, na halikuwa na moshi. Kidole kilipita karatasi ya fedha. Kuanzia hapo yalikuwa maneno ambayo Mama Nelvine hajawahi kuyaona.

— Akafika. Akapiga hodi.

Mstari uliofuata ulisema kwamba mama yake alitoka, akamtazama, akamwambia: Karibu, mgeni. Ingia uote moto. Nina binti yangu alitumwa kuomba moto kwa majirani, na mpaka leo hajarudi.

Aliusoma kimya. Herufi zikacheza mbele ya macho yake. Chumba chote kilikuwa kinamngoja. Akashusha kidole.

— Wakawasha moto, alisema. Nyumba ikapata joto. Watu wakala.

Nje maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati. Askofu alikohoa. Mellen alianza kusema kwamba ni hadithi nzuri.

— Umeruka, alisema Redio.

Alisema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo benchi halikuwahi kuisikia kwake. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

— Mimi nilishasoma mpaka mwisho. Hapo kwa mamake umeruka laini moja. Rudi. Soma hapo.